Serikali haina dini: kisa cha Kizuiani

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji ambaye hukubahatika kutusikia hewani, juma hili nakuomba turudi Mbagala. Si kwa ajili ya foleni ya Barabara ya Kilwa wala vumbi la Rangi Tatu, mambo ambayo nimekwisha kuyasema hadi nimewachosha. Turudi Mbagala ya Oktoba 2012, nje ya kituo cha polisi cha Kizuiani, Ijumaa ya tarehe 12, baada ya swala.

Kisa chenyewe kilianza kitoto. Siku mbili kabla, yaani Jumatano, watoto wawili marafiki, mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu, walibishana. Ubishi ulihusu msahafu, kwamba mtu akiufanyia uchafu atapatwa na jambo. Magazeti ya siku zile hayakupatana ni jambo gani: wengine waliandika kugeuka mnyama, wengine kurukwa na akili. Yule mtoto Mkristo, mwenye umri wa miaka 14, akataka kuhakikisha. Akaukojolea. Katika chumba cha habari nilichokuwa nikifanyia kazi wakati ule tulijadiliana kwa muda mrefu kama neno hilo litamkwe redioni au litafutiwe lingine lenye adabu. Wakati sisi tunatafuta adabu, Mbagala nzima ilikwisha kulijua neno lenyewe.

Mtoto akawa mikononi mwa polisi. Ijumaa ile umati ukafika kituoni ukitaka akabidhiwe kwao. Polisi wakakataa. Mabomu ya machozi yakapigwa, watu wakatawanyika mitaani kwa hasira, na makanisa kadhaa ya Mbagala yakavunjwa, mengine yakatiwa moto. Waliokamatwa walizidi 120. Rais Jakaya Kikwete, ambaye ni Mwislamu, alifika mwenyewe kuyaona makanisa yaliyoharibiwa.

Wengi wetu tukikumbuka Mbagala tunakumbuka moshi. Mimi leo naomba tusimame kaunta, pale polisi walipokataa. Askari aliyekuwa zamu pengine aliitwa Hamisi, pengine aliitwa John. Haituhusu, na ndiyo maana ya jambo zima. Kanuni ya Adhabu ya nchi hii, katika kifungu cha 125, inalifanya kuwa kosa tendo la kuharibu au kunajisi kitu kitakatifu kwa nia ya kuitukana dini ya watu wowote. Kifungu hicho kinaulinda msahafu, na kinailinda altare vilevile. Kwa hiyo askari yule hakuwaambia wenye hasira kwamba kitabu chao si kitu. Aliwaambia, kwa kukataa kwake, kwamba kosa hilo ni la mahakama kulipima, na kwamba mtuhumiwa ni mtoto ambaye sheria ina namna yake ya kumshughulikia. Serikali isiyo na dini, ndugu msikilizaji, si jambo la semina hotelini peke yake. Siku ile ilikuwa ni meza ya mbao, daftari la matukio, na mtoto aliye nyuma ya ukuta.

Sasa, tuyatazame maneno yenyewe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 3, inaitaja nchi yetu kuwa ni ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini. Hilo la kijamaa tuliache, lina kipindi chake. Neno "isiyokuwa na dini" ndilo linalosumbua masikio. Waingereza wana neno lao moja la kueleza nchi ambayo sheria yake haitoki kanisani. Sisi tumelazimika kulieleza kwa kukanusha, na katika Kiswahili cha mitaani mtu asiye na dini ni mtu wa kutiliwa mashaka: hana mwiko, hana pa kuapia. Nimewahi kusikia sheikh na mchungaji, kila mmoja kwa wakati wake, wakilifasiri neno hilo kuwa ni upagani. Kumbe ibara ya 19 inaeleza jambo lingine kabisa. Inasema kwamba kuabudu na kutangaza dini ni hiari ya mtu, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini utakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Wimbo wa Taifa unamwomba Mungu. Viongozi wanaapa wakiwa wameshika msahafu au Biblia. Idi tunapumzika, Krismasi tunapumzika. Wafaransa, ambao walitenganisha kanisa na dola kwa sheria ya mwaka 1905, wangetushangaa. Mwalimu Nyerere aliyetufundisha kwamba Serikali haina dini bali watu wake wanazo, alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila alipoweza.

Lakini ahadi hii ya kutokuwa na dini imelalamikiwa tangu kabla Mwalimu hajazaliwa, na aliyelalamika kwanza si yule tunayemdhania. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Serikali ya Wajerumani ilifungua shule Tanga, shule ya dola, isiyofundisha Ukristo. Wajerumani walihitaji makarani na maakida wanaojua kusoma na kuandika, na pwani watu hao walikuwa Waislamu. Wamisionari wakang'aka. Walisema shule isiyofundisha dini ni shule inayoujenga Uislamu kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa wanafunzi wake ni Waislamu na wanaotoka humo wanapelekwa bara na vyeo vyao. Kwa hiyo katika ardhi hii malalamiko ya kwanza kwamba "Serikali isiyo na dini ina dini" yalitoka misheni.

Alipokuja Mwingereza mzani ukageuka. Elimu aliiacha kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni, akazipa ruzuku. Mzazi Mwislamu aliyeogopa mwanawe kubatizwa alimwacha madrasa. Matokeo yake yalionekana wazi kufikia miaka ya 1950: waliopigania uhuru hapa Dar es Salaam, waliofungua majumba yao na mifuko yao kwa TANU tangu 1954, wengi walikuwa Waislamu, waliokuwa na vyeti vya kushika ofisi uhuru ukipatikana, wengi walikuwa Wakristo.

Jambo hili halikufichika kwa watu wa wakati ule. Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU, mmoja wa watu waliompokea Nyerere na kumpandisha jukwaani mbele ya watu wa mji, alilisema mwaka 1958: kwamba Waislamu wanakijenga chama na wengine ndio watakaokaa kitini. Chama kikamfukuza. Chama cha AMNUT, kilichoanzishwa 1957, kilikwenda mbali zaidi, kikataka uhuru usubiri hadi Waislamu wapate elimu. Waliokipinga kwa sauti kubwa kabisa walikuwa Waislamu wenzao ndani ya TANU. Nasisitiza hilo kwa sababu vijana wengi wanadhani siasa isiyo ya dini tuliletewa na wamisionari. Walioilinda mwaka 1959, kwa gharama ya kuonekana wasaliti mbele ya jamaa zao, walikuwa ni wazee wa kanzu na kofia wa Dar es Salaam.

Wazee hao waliahidiwa nini? Hawakuahidiwa viti. Waliahidiwa uadilifu: kwamba dola itakuwa mgeni wa kila nyumba na mwenyeji wa hakuna. Tuone sasa hesabu ilivyokwenda.

Kwanza, mwaka 1969 Serikali ilizitaifisha shule. Nyingi zilikuwa za makanisa, na makanisa yaliumia, lakini yalinyamaza kwa kiasi kikubwa. Mtoto wa Mwislamu sasa aliingia shule iliyokuwa ya misheni bila kubadili jina. Naiona hiyo kuwa ndiyo siku Serikali isiyo na dini ilipofanya kazi yake kwa ukamilifu kuliko siku nyingine yoyote.

Lakini mwaka mmoja kabla, dola hiyo hiyo ilikuwa imefanya kinyume. Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, iliyokuwa ikijenga misikiti na shule, iliingia mgogoro mwaka 1968. Mwezi Desemba ikapigwa marufuku, na mahali pake pakasimama BAKWATA, kwa baraka zote za chama na Serikali. Sheikh Hassan bin Ameir, aliyekuwa na TANU katika miaka migumu, akakamatwa na kurudishwa kwao Zanzibar. Kama uendeshaji wa dini uko nje ya mamlaka ya nchi, mkunga wa baraza hilo alikuwa nani? Nauliza bila kuitukana BAKWATA ya leo, ambayo ina watu wazima na kazi zake. Nauliza kwa sababu kuna Waislamu ambao tangu siku hiyo hawakupata kuamini tena kwamba Serikali ikisema haina dini inasema kweli. Na ukiupoteza uaminifu wa mtu namna hiyo, huurudishi kwa hotuba.

Halafu kuna jambo la sensa. Mwaka 1967 raia waliulizwa dini. Baada ya hapo swali likaondolewa. Sababu yake inaeleweka: Serikali iliogopa idadi igeuke silaha. Ila idadi isiyojulikana nayo ni silaha, tena nyepesi kubeba, kwa kuwa kila mtu huijaza risasi zake. Kila upande ukajihesabia wingi.

Tukaingia miaka ya 1990 tukiwa na mambo hayo yote chini ya mkeka. Februari 1992 Serikali ilitia saini mkataba wa maelewano na makanisa, yaani Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo, kuhusu huduma za hospitali na elimu. Kwa upande wa Serikali ilikuwa hesabu ya kawaida: hospitali za misheni zinatibu watu wa dini zote, na Serikali haina uwezo wa kujenga nyingine. Kwa upande wa Waislamu wengi ilikuwa ni ushahidi wa maandishi. Desemba mwaka huo Zanzibar ikajiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Sasa ikawa zamu ya Wakristo kushika kichwa. Kamati ya Bunge ikaona Katiba imekiukwa, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Katikati ya hayo, Aprili 1993, mabucha ya nyama ya nguruwe yalivamiwa hapa jijini, na BALUKTA ya Sheikh Yahya Hussein ikapigwa marufuku.

Waziri wa Mambo ya Ndani wakati wa mabucha alikuwa Augustine Mrema. Mtazame vizuri mtu huyu, maana historia ina mizaha yake. Miaka mitatu baadaye, akiwa ameshahamia upinzani, alishinda uchaguzi mdogo wa ubunge wa Temeke, wilaya hii hii ya Mbagala. Na mwaka 1998 Mrema huyo huyo, Mchaga na Mkatoliki, ndiye aliyepeleka bungeni hoja binafsi ya kutaka Mahakama ya Kadhi. Waliomcheka walisema anatafuta kura. Inawezekana. Mimi nasema mbunge anayetafuta kura za wapigakura wake kwa kubeba jambo lao bungeni anafanya kazi yake, na ni heri jambo la dini lizungumzwe bungeni na Mkatoliki kuliko lizungumzwe barabarani na mawe. Mwaka huo huo, mwezi Februari, Mwembechai polisi walikuwa wamepiga risasi na watu walikufa. Hatukuhitaji somo lingine.

Hili la Kadhi tulikalie kidogo, maana linafafanua ugumu wetu kuliko jambo jingine lolote. Mahakama za makadhi zilikuwapo Tanganyika ya mkoloni, hasa pwani. Ziliondolewa mwaka 1963, pamoja na mahakama za machifu, ili nchi iwe na ngazi moja ya mahakama. Hazikuondolewa kwa chuki ya Uislamu. Lakini sheria ya Kiislamu yenyewe haikuondoka: hadi leo mahakama ya mwanzo huweza kugawa mirathi ya Mwislamu kwa sheria ya dini yake. Kwa hiyo hakimu Mlutheri wa Temeke anaweza kujikuta akigawa thumni ya mjane na fungu la binti kwa kufuata Kurani, akiwa ameajiriwa na Serikali isiyo na dini. Mwislamu anasema: huyu hakusomea jambo hili, nipe aliyesomea. Mkristo anasema: ukimpa, mshahara wake utatoka katika kodi yangu. Wote wawili wanasema kweli. Zanzibar makadhi wako. Kenya wako ndani ya Katiba, na mwaka 2010 walipopiga kura ya maoni viongozi wengi wa makanisa waliipinga Katiba mpya kwa sababu hiyo miongoni mwa nyingine, ikapita, na Kenya haikugeuka nchi ya Kiislamu. Kwetu ilani ya CCM ya mwaka 2005 ililigusa jambo hili, matumaini yakapanda, na mwanzoni mwa 2015 muswada ulipofika bungeni maaskofu wakapinga, Serikali ikauondoa. Makadhi wa BAKWATA wapo, ila neno lao halina nguvu ya dola.

Mimi binafsi sitaki mshahara wa kadhi wala wa padri utoke hazina. Lakini siwezi kumlaumu anayeuliza kwa nini mlango ulifunguliwa wakati wa kampeni na kufungwa baada ya kura. Hapo ndipo palipo na ugonjwa wetu, si katika maneno ya Katiba. Ahadi ya mwaka 1958 ilikuwa ya uadilifu unaoonekana, na uadilifu unaonekana kwa kufungua daftari: shule ngapi, nani anafundishwa, mkataba huu una kurasa gani, kadhi tunamtaka au hatumtaki na kwa sababu ipi. Serikali zetu, moja baada ya nyingine, zilichukua kauli ya "haina dini" zikaifanya jibu la kumaliza maswali. Ukiuliza juu ya elimu, unaambiwa usilete udini. Maaskofu wakiandika juu ya bandari, kama walivyofanya Agosti 2023, wanaambiwa wasichanganye dini na siasa, na wanaoambia hivyo utawaona mstari wa mbele kwenye baraza la Idi na kwenye misa za kusimikwa maaskofu.

Sasa rudi nami Kizuiani. Umati wa Oktoba 2012 haukutoka angani. Miezi miwili nyuma, Agosti, ilikuwa sensa. Baadhi ya masheikh, akiwamo Sheikh Ponda Issa Ponda, walihimiza Waislamu wasihesabiwe kwa kuwa fomu haikuwa na kipengele cha dini. Mzozo ule ulipita katika misikiti ya miji mingi kwa wiki kadhaa, na jibu la Serikali lilikuwa lile lile, kwamba Serikali haina dini. Kwa hiyo ubishi wa watoto ulipoangukia mitaani, ulidondoka kwenye majani makavu. Siwatetei waliochoma makanisa. Mwenye kanisa la Mbagala hakuwa ameondoa kipengele chochote kwenye fomu yoyote. Alikuwa jirani, mara nyingi mpangaji wa nyumba moja na waumini wa msikiti wa mtaa ule. Mbagala hatuna mtaa wa Wakristo na mtaa wa Waislamu. Mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Aprili 2009 tulikimbia njia moja.

Wiki iliyofuata Sheikh Ponda alikamatwa, kwa mgogoro wa kiwanja cha Chang'ombe, na Ijumaa ya tarehe 19 askari wa jeshi walionekana katika mitaa ya jiji. Zanzibar nako kulikuwa kunawaka kwa sababu zake. Februari 2013 ikawa Geita, watu wakagombana juu ya nani achinje, na mchungaji akauawa. Serikali isiyo na dini ikajikuta machinjioni, ikiulizwa kisu kishikwe na nani.

Nikilinganisha, naona tofauti moja ambayo haijanitoka kichwani. Katika mambo ya sensa, mkataba na kadhi, dola ilisema haina dini na ikaondoka. Kizuiani ilisema haina dini na ikabaki pale pale, mlangoni, mikono mitupu ya hoja lakini imesimama kati ya mtoto na umati. Walioletwa mahakamani baada ya hapo waliletwa kwa majina yao na makosa yao, si kwa dini yao. Na Rais hakupeleka salamu za mbali. Alikanyaga majivu mwenyewe.

Tarehe 23 Agosti 2022 makarani wa sensa walipita tena Mbagala nyumba kwa nyumba, safari hii wakiwa na vishikwambi. Waliuliza umri, elimu, kazi, ulemavu, maji tunayokunywa na aina ya choo. Swali la dini halikuwamo.